Sainasi Isiyopona: Tutafute Kinachoziba Pua Kabla ya Kutafuta Dawa Nyingine

SWALI: "Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro, nina umri wa miaka 36. Huu ni mwaka wa tatu pua yangu inaziba, makamasi mazito yanashuka kooni, uso unakuwa mzito na kichwa kinauma. Harufu nilikuwa naisikia kidogo, sasa siisikii kabisa. Hata wali ukiungua jikoni naambiwa na watoto. Nilipigwa picha ya eksirei nikaambiwa nina sainasi. Nimemeza antibayotiki zaidi ya mara tano. Kila nikimaliza dozi napata nafuu ya wiki mbili, kisha hali inarudi. Bila matone ya pua silali. Nina pumu iliyonianza ukubwani, na vidonge vya maumivu niliviacha kwa sababu hunibana kifua. Wengine wanasema ni vumbi la chaki, wengine baridi, na daktari mmoja ameshauri upasuaji. Naomba kujua chanzo hasa ni nini, na je, kuna kupona?"

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Sentensi iliyonifanya nirudie kuisoma barua yako si ile ya makamasi wala ya maumivu ya kichwa, bali ile uliyoiandika karibu na mwisho kana kwamba haihusiki: kwamba una pumu iliyokuanza ukubwani na kwamba vidonge vya maumivu hukubana kifua. Nitaifikia baada ya kueleza jinsi pua inavyofanya kazi, kwa sababu bila hilo maelezo mengine hayatakaa sawa. Lakini niseme mapema jambo ambalo ulistahili kuambiwa tangu mwaka ule wa kwanza: mtu aliyemeza antibayotiki mara tano kwa tatizo lile lile, kila mara akapata nafuu ya wiki mbili na kurudi alikoanzia, hasaidiwi na antibayotiki ya sita hata iwe kali namna gani. Anahitaji daktari wa kuuliza kwa nini pua yake imeziba.

Ndani ya mifupa ya uso, kila upande, mna mapango ya hewa ya aina nne, ndiyo yaliyoupa ugonjwa wa sainasi jina lake: pango la shavuni, vijipango vilivyopangana kati ya pua na jicho, pango la kwenye paji la uso, na pango lililo nyuma kabisa chini ya ubongo. Yote yamefunikwa na utando mwembamba unaotoa ute, na juu ya utando huo kuna vinyweleo vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupiga mara 10 hadi 15 kila sekunde na kuusukuma ute kuelekea kwenye kitundu cha kutokea. Pango la shavuni ndilo linaloeleza mengi. Kitundu chake hakiko chini, mahali ambapo mtu angetarajia, bali kiko juu, upande wa ndani, karibu na jicho. Kwa hiyo mtu akiwa amesimama, ute wake hauwezi kutoka kwa kutiririka, ni lazima upandishwe na vinyweleo hivyo. Kitundu chenyewe ni cha milimita chache tu, nacho hufungukia kwenye njia nyembamba iliyo pembeni mwa pua, ambamo pango la paji na vijipango vya mbele navyo humwaga ute wao. Utando wa njia hiyo ukivimba hata kidogo, mapango yote matatu huathirika pamoja: ute hutuama, hewa haiingii, vinyweleo hudhoofika, na bakteria ambao siku zote huishi puani bila madhara hupata pa kuzaliana. Kumpa mgonjwa antibayotiki katika hali hiyo ni kama kutia dawa kwenye maji yaliyotuama ilhali mtaro umebaki umeziba. Wadudu watapungua kwa siku chache, kisha watarudi.

Utabibu wenyewe ulichukua muda mrefu kulielewa jambo hili. Miaka ya 1890, George Caldwell wa New York na Henri Luc wa Paris, kila mmoja kwa upande wake, walibuni upasuaji wa kulifungua pango la shavuni kupitia juu ya fizi, kukwangua utando wake na kutoboa tundu jipya ndani ya pua, sehemu ya chini, na kwa miongo mingi wagonjwa duniani kote walifanyiwa hivyo. Baadaye Walter Messerklinger wa Graz, nchini Austria, aliufuatilia mwendo wa ute kwa kutumia endoskopu, yaani bomba jembamba lenye taa na lenzi, akaonyesha kwamba vinyweleo huendelea kuupeleka ute kwenye kitundu cha asili hata pale ambapo tundu jingine kubwa limetobolewa kando. Upasuaji wa kisasa wa kupitia puani, ulioenea tangu miaka ya 1980, umejengwa juu ya ugunduzi huo: fungua njia ya asili, acha utando upone.

Sasa, si kila pua inayoziba na kila paji linalouma ni sainasi sugu. Ile ya ghafla hufuata mafua, na kwa walio wengi huisha yenyewe bila antibayotiki. Tunaiita sugu pale dalili zinapodumu kwa wiki 12 au zaidi, na dalili hizo ziwe angalau mbili kati ya nne: kuziba kwa pua, makamasi yanayotoka mbele au kushuka kooni, maumivu au uzito wa uso, na kupungua kwa uwezo wa kusikia harufu, na moja kati ya mbili za kwanza lazima iwepo. Juu ya hapo, daktari anapaswa kuona ushahidi kwa endoskopu au kwa kipimo cha CT, yaani mashine inayopiga picha za ndani ya mwili tabaka kwa tabaka. Wewe unazo dalili zote nne, lakini ushahidi bado huna, kwa maana picha ya eksirei ya uso hukosea mno pande zote mbili: huonyesha ugonjwa usiokuwepo na huacha uliopo. Hata CT yenyewe inahitaji kusomwa kwa busara. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya picha za CT za watu wazima 31 waliokuwa na mafua ya kawaida tu, na 27 kati yao walionekana na kasoro kwenye mapango ya mashavuni. Mtu anayepigwa picha akiwa na mafua ataambiwa ana sainasi, na kwa siku hiyo ni kweli, lakini si ugonjwa wa kumfuata miaka mitatu.

Tukishathibitisha kwamba mapango yanaugua kweli, swali lako la chanzo ndipo linapopata mahali pa kusimama. Kwa wagonjwa wengi wa sainasi sugu, kinachoanzisha na kuendeleza tatizo ni mchochota, yaani uvimbe na wekundu wa utando unaoletwa na kinga ya mwili yenyewe, wala si vijidudu. Maambukizi huja juu yake kama mgeni anayekuta mlango wazi. Mchochota huo una sura zaidi ya moja, lakini ule unaonihusu katika barua yako ni ule unaoongozwa na chembe nyeupe za damu ziitwazo eosinofili, chembe zile zile zinazojazana kwenye mirija ya mapafu ya watu wengi wenye pumu. Utando wa pua na utando wa mirija ya mapafu ni njia moja ya hewa, na kinachoisumbua sehemu ya juu mara nyingi huisumbua na ya chini. Mchochota wa aina hii ukidumu, utando hujaa maji na kuning'inia, ukawa vinyama laini vya kijivu visivyouma, tunavyoviita polipu. Polipu huanzia juu, karibu na mahali ambapo mishipa ya harufu hushukia, na ndiyo sababu dalili inayotufanya tuzifikirie kwanza ni harufu kupotea. Wazazi wa Tanzania wamezoea kusikia habari za "nyama za puani" kwa watoto wanaokoroma. Hizo ni tezi zilizo nyuma ya pua, ambazo kwa kawaida husinyaa mtoto anapokua, na ni kitu tofauti kabisa na polipu za mtu mzima.

Hapa ndipo sentensi yako inapoingia. Mwaka 1922, huko Ufaransa, Fernand Widal na wenzake walieleza habari za mgonjwa mwenye pumu, polipu puani, na mwili usiostahimili aspirini. Mwaka 1968 Max Samter na Roland Beers wa Marekani waliuchambua ugonjwa huo kwa kina, na hadi leo madaktari wengi huuita utatu wa Samter. Humwanza mtu mzima, mara nyingi katika miaka ya thelathini, kwa mafua yasiyoisha. Harufu hupotea, pumu hujitokeza, kisha siku moja anameza aspirini, ibuprofen au diclofenac kwa ajili ya mgongo au maumivu ya hedhi, na baada ya muda wa kati ya nusu saa na saa tatu pua inaziba kabisa, macho yanakuwa mekundu na kifua kinabana. Dawa hizo huzuia kimeng'enya ambacho, pamoja na kuleta maumivu, husaidia kuzituliza kemikali ziitwazo lukotrieni. Kizuizi kikiondolewa kwa mtu mwenye ugonjwa huu, lukotrieni humwagika kwa wingi na kuvimbisha njia yote ya hewa. Huu si mzio wa kawaida, ndiyo maana vipimo vya mzio vya ngozi au vya damu haviuonyeshi. Unakadiriwa kuwapata watu wazima kama 7 kati ya kila 100 wenye pumu, na kiwango hicho hupanda kwa wenye pumu kali. Ni wengi mno kwa ugonjwa ambao hugunduliwa kwa kuuliza swali moja tu, na inanisikitisha kwamba swali hilo huulizwa mara chache.

Barua haitoshi kuthibitisha kwamba unao. Lakini mtu mwenye pumu ya ukubwani, asiyesikia harufu, mwenye pua iliyoziba miaka mitatu na kifua kinachobana kwa vidonge vya maumivu, anapaswa kuchukuliwa kuwa anao hadi mtaalamu athibitishe vinginevyo. Kwa hiyo usijijaribu nyumbani hata kwa nusu kidonge, maana shambulio linaweza kuwa la kuhatarisha maisha. Soma lebo ya kila dawa ya mafua na ya kichwa unayouziwa dukani, kwa sababu nyingi ni mchanganyiko, na ndani yake mna aspirini au ibuprofen ambayo muuzaji hakutajii. Paracetamol ya 500 mg kwa wakati mmoja huvumiliwa na wengi wenye hali hii. Na kila daktari, mfamasia, mtaalamu wa usingizi na daktari wa meno atakayekuhudumia aambiwe kabla hajaandika dawa.

Matone unayotegemea usiku nayo yamekuwa sehemu ya ugonjwa. Dawa za aina ya ephedrine, oxymetazoline na xylometazoline huibana mishipa ya damu ya puani, na mtu huhisi amefunguka ndani ya dakika chache. Ila zikitumika kupita siku 5 hadi 7 mfululizo, mishipa huzoea, na dawa ikiisha nguvu hutanuka kuliko mwanzo. Mgonjwa huongeza tone, pua huongeza kuziba. Sikulaumu, kwa maana zinauzwa bila maelezo, na asiyepumua hawezi kulala. Njia ya kutoka ni kuanza kwanza dawa ya steroidi, yaani dawa ya kutuliza mchochota, ya kupuliza puani, kisha kuacha matone kwenye tundu moja la pua huku ukiendelea nayo kwenye tundu la pili, na baada ya wiki moja au mbili kuliacha na hilo la pili. Usiku wa kwanza ni mgumu; inua mto na uvumilie.

Kuhusu chaki na baridi. Vumbi la chaki huwasha utando na humwongezea shida mtu ambaye tayari ni mgonjwa, lakini peke yake halielezi kupotea kwa harufu wala pumu yako. Futa ubao kwa kitambaa chenye maji, na usikae dirisha limefungwa wakati wa kufuta. Baridi, maji ya friji na feni havisababishi sainasi sugu. Kinachofanya watu waamini hivyo ni kwamba hewa ya baridi huufanya utando uliokwisha kuvimba kutoa ute zaidi, hivyo mtu huona dalili na kuziita chanzo. Mzio wa kweli ni jambo jingine, nao una uzito wake: utitiri wa vumbi katika magodoro na mapazia, mende, na ukungu unaoota kutani masika yanapoingia, vinaweza kuuweka utando katika hali ya kuvimba mwaka mzima. Ukiwa na chafya za mfululizo, macho yanayowasha na makamasi mepesi kama maji, mzio una uwezekano mkubwa. Moshi ningeutilia mkazo kuliko vyote hivi. Moshi wa kuni, wa mkaa na wa sigara huvidhoofisha vile vinyweleo vinavyoupandisha ute, na nyumba ambamo jiko limo ndani bila pa kutolea moshi humrudisha mgonjwa nyuma kila jioni, awe anameza dawa gani. Ugoro, ambao baadhi ya wazee bado wanausifu kwa kufungua pua, ni tumbaku ile ile.

Wasomaji wengine ambao hawana pumu wala shida ya harufu wataniuliza vyanzo vyao. Swali la kwanza ninalowauliza ni kama tatizo liko upande mmoja au pande zote mbili, kwa sababu mchochota wa mwili kwa kawaida haubagui pande. Makamasi ya upande mmoja, hasa yenye harufu mbaya ambayo mgonjwa mwenyewe huisikia, hunipeleka moja kwa moja kwenye magego ya juu. Mizizi ya meno hayo iko chini tu ya sakafu ya pango la shavuni, na kwa watu wengine kilicho kati yao ni mfupa mwembamba mno. Jino lililooza hadi kwenye mzizi, lililozibwa vibaya, au lililong'olewa likaacha tundu, linaweza kuchafua pango kwa miaka, na mara nyingi haliumi, kwa kuwa mshipa wake wa fahamu umekwisha kufa. Hakuna dawa ya pua itakayoponya sainasi ya namna hiyo mpaka jino litibiwe. Upande mmoja pia ndio unaonifanya nifikirie donge la kuvu lililojikusanya ndani ya pango, punje au shanga aliyoisukuma mtoto puani, na kwa mtu mzima, saratani, hasa kamasi likichanganyika na damu. Ukuta wa kati wa pua uliopinda husingiziwa mengi. Watu wengi wana ukuta uliopinda na hawana sainasi. Huwa tatizo pale tu unapobana ile njia ya ute.

Kuna kundi jingine kubwa linalotibiwa sainasi wasiyonayo. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004, watu 2,991 walioamini, au walioambiwa na daktari, kwamba maumivu yao ya kichwa ni ya sainasi walichunguzwa kwa vigezo vya maumivu ya kichwa, na asilimia 88 walionekana kuwa na maumivu ya aina ya kipandauso. Kosa hilo lina sababu. Mshipa wa fahamu unaohusika na kipandauso ndio ule unaohudumia uso na pua, hivyo shambulio linaweza kuleta machozi, pua kuziba na makamasi mepesi. Mwenye maumivu yanayokuja na kuondoka kwa vipindi, yanayopiga kwa mdundo, yanayomfanya achukie mwanga na kelele au asikie kichefuchefu, na ambaye pua yake ni safi kati ya vipindi, atafute tiba ya kipandauso. Maumivu ya uso peke yake, bila kuziba wala makamasi, ni nadra kuwa sainasi.

Kinga ya mwili nayo huchunguzwa. Sainasi inayokataa kupona ni sababu tosha ya kupima VVU na sukari, bila kuona haya, na aliyepata nimonia mara kwa mara tangu utotoni achunguzwe kama mwili wake unatengeneza kingamwili za kutosha. Mtoto mwenye makamasi na kikohozi chenye makohozi tangu kuzaliwa huenda ana vinyweleo visivyopiga ipasavyo kwa kurithi. Kuvu ninaitaja kwa sababu ya eneo letu: Sudan imejulikana kwa miongo mingi kwa aina ya kuvu ya Aspergillus inayopenya polepole mifupa ya uso hata kwa watu wenye afya njema, na mwaka 2021 India ilishuhudia makumi ya maelfu ya wagonjwa wa kuvu inayokula uso na macho, wengi wao wakiwa na kisukari, wametoka kuugua Uviko na kutumia steroidi kwa wingi. Ninawaomba wasomaji wenye kisukari wasikubali kuchomwa "sindano ya mafua" ambayo hawajaambiwa ni dawa gani. Mara nyingi ni steroidi.

Sasa ufanye nini wewe, Mwalimu? Anza na kuosha pua kila siku, asubuhi na jioni, na usione ni jambo dogo, kwa sababu ni katika tiba chache za sainasi sugu zenye ushahidi mzuri na gharama karibu na bure. Chemsha maji, yaache yachemke sawasawa kwa dakika moja, au dakika 3 kwa anayeishi nyanda za juu zinazozidi mita 2,000, kisha yapoe yawe vuguvugu. Katika nusu lita tia kijiko kimoja cha chai, cha kusawazisha, cha chumvi safi. Inama juu ya beseni, fungua mdomo, na kwa chupa laini ya kubonyeza ingiza maji tundu moja hadi yatokee la pili, kisha badilisha. Maji yasiyochemshwa usiyatumie hata kama ni ya bomba na yanaonekana safi. Mwaka 2011 watu wawili wa jimbo la Louisiana, Marekani, walikufa kwa amiba iliyopanda hadi ubongoni baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba. Kupandisha maji puani wakati wa kutawadha, ambako wengine huniuliza, ni jambo jema lakini hakuchukui nafasi ya kuosha huku, maana maji ni machache na hayafiki juu.

Dakika chache baada ya kuosha, puliza dawa ya steroidi ya puani, kwa mfano mometasone, fluticasone au budesonide, kadiri daktari atakavyoandika. Tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto na wa kushoto kwa la kulia, ncha ielekee upande wa sikio, isielekee ukuta wa kati, kwa sababu ukuta ukipulizwa kila siku huchubuka na kutoa damu. Usivute kwa nguvu. Dawa ikifika kooni imepotea. Haifanyi kazi kwa siku moja kama matone. Ipe wiki 8 hadi 12 kabla ya kuihukumu. Jina steroidi lisikutishe, kwa kuwa kiasi kinachoingia mwilini kutoka puani ni kidogo mno. Vidonge vya steroidi ni jambo jingine: kozi fupi inaweza kupunguza polipu na kukurudishia harufu kwa muda, lakini zikirudiwa-rudiwa huleta kisukari, shinikizo la damu na kuharibika kwa mifupa, hivyo zitolewe na daktari anayezihesabu. Wakati huo huo pumu yako itibiwe ipasavyo, na usiache dawa ya kuvuta hata siku ukijisikia vizuri.

Kujifukiza huleta faraja ya muda na hakuna ubaya mtu akijihadhari asiungue. Ninakataza kwa watoto, kwa kuwa nimeona majeraha ya maji ya moto yaliyo mabaya kuliko ugonjwa wenyewe. Mafuta ya habasoda au ya aina nyingine yasitiwe puani. Matone ya mafuta huweza kuteremka hadi mapafuni na kuleta nimonia isiyosikia antibayotiki.

Upasuaji ulioshauriwa usiukatae wala usiukimbilie. Mahali pake ni baada ya tiba niliyoieleza kutumiwa vizuri kwa miezi isiyopungua mitatu bila mafanikio, na baada ya CT kuonyesha ramani ya mapango yako. Kwa mwenye polipu, upasuaji hufungua njia na kuiwezesha dawa ya kupuliza kufika ndani, lakini hauondoi mchochota. Anayeacha dawa baada ya upasuaji kwa kuamini amepona hurudi na polipu, na wenye utatu wa Samter hurudi haraka zaidi ya wengine. Mwambie daktari mpasuaji habari ya pumu na ya vidonge kabla ya siku ya upasuaji, kwa kuwa diclofenac ni dawa inayotolewa kwa kawaida baada ya kutoka chumba cha upasuaji. Vituo vichache duniani huwazoesha wagonjwa wa aina hii aspirini polepole chini ya uangalizi, na tangu 2019 kuna sindano ya dupilumab iliyoidhinishwa Marekani kwa polipu zinazokataa tiba nyingine, ingawa bei yake iko mbali na uwezo wa wagonjwa walio wengi.

Umeuliza kama kuna kupona. Sainasi ya jino hupona jino likitibiwa, ya donge la kuvu hupona likitolewa. Ya mchochota, ambayo nadhani ndiyo yako, tunaitawala kama tunavyoitawala pumu: pua inafunguka, usingizi unarudi, harufu kwa wengi hurudi kwa kiasi, na dawa inabaki kuwa sehemu ya asubuhi na jioni. Wengi wanaofuata hivyo huishi vizuri kwa miaka. Kwa kipindi hiki ambacho husikii harufu, kama unatumia gesi kupikia, funga valvu ya mtungi kila umalizapo na mwachie mwingine akuhakikishie chakula kilicholala.

Omba rufaa kwa daktari bingwa wa masikio, pua na koo. Muhimbili, KCMC na Bugando wanao, na hospitali ya mkoa wako itakuelekeza ilipo kliniki ya karibu. Mwombe akuangalie kwa endoskopu kwanza. Beba picha ya zamani, orodha ya antibayotiki zote ulizotumia, na majina ya vidonge vilivyokubana kifua. Lakini wewe au msomaji yeyote mwenye sainasi akiona jicho limevimba au limetokeza, anaona vitu viwili-viwili au uono umepungua, paji la uso limefura, homa kali imeungana na shingo kukaza, kichwa kinauma kuliko siku zote huku akiwa amechanganyikiwa, au mwenye kisukari akapata weusi puani au ganzi ya shavu, asisubiri siku ya kliniki. Aende hospitali usiku huo huo.